Mkeka wa pleiofu za NHL: kwanini Winnipeg walikuchania, na mwaka huu ujaze vipi

Swali: Habari kaka. Nipo Edmonton mwaka wa 4 sasa, nafanya kazi ghalani. Kila mwezi wa 4 hapa kazini tunajaza karatasi ya kubashiri pleiofu (mtoano wa mwisho wa msimu) za NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, tupo watu 25, kila mtu dola 20, mshindi anabeba zote. Raundi ya kwanza ukipatia timu unapata pointi 1, ya pili 2, ya tatu 4, bingwa 8, na ukipatia na idadi ya mechi unaongezewa pointi 1. Mwaka 2025 niliweka Winnipeg bingwa maana ndo walioongoza ligi nzima na kipa wao wanasema ndo bora duniani, kila sehemu nikaweka timu iliyo juu kwenye msimamo, nikatoka wa 3 kutoka mkiani. Mpira wa miguu naujua vizuri, nimekulia nyumba ya washabiki wa Yanga, lakini hiki kitu sikielewi. Kuna njia au ni bahati nasibu tu?

Jibu:

Dada yangu pole na hiyo 500 iliyokupita. Ila nikwambie kabisa, kuweka Winnipeg haikuwa ujinga. Walishinda mechi 56 kati ya 82, pointi 116, hakuna aliyewazidi, na Connor Hellebuyck msimu ule kabeba tuzo ya kipa bora na ya mchezaji bora wa ligi nzima kwa pamoja, kitu ambacho kipa hukipata kwa nadra sana. Halafu raundi ya kwanza tu na St. Louis wameenda mpaka mechi ya 7, na huyohuyo kipa bora duniani katolewa golini katikati ya mchezo mara 3, mechi zote 3 walizocheza kule St. Louis. Mechi ya 7 walikuwa wameshafungwa, wamesawazisha zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wakaja kushinda muda wa nyongeza wa pili. Raundi iliyofuata Dallas wakawatoa 4-2. Sasa hapo ulikosea nini? Timu hukukosea. Ulichokosea ni uhakika uliokuwa nao, na namna ulivyoutumia kwenye karatasi.

We unatoka kwenye mpira wa miguu kwahiyo tuanzie huko. Kwenye ligi ya nyumbani ukiwa bora kuliko wenzako, mechi 30 zinatosha kukuweka juu, na bingwa ni yule aliyekaa juu, basi. Hoki ya Marekani na Canada msimu wa kawaida wa mechi zaidi ya 80 unachuja tu timu 16 kati ya 32, halafu kila kitu kinaanza upya, mtoano raundi 4, kila raundi timu mbili zinakutana mpaka moja ifikishe ushindi wa mechi 4 (wenyewe wanaita sirizi), yaani bingwa anatakiwa ashinde mechi 16. Na ule mchezo wenyewe ni mashuti kama 30 kila upande, yanaingia kama 3, na mengi ya hayo 3 yamegonga goti la mtu au gongo la mtu njiani. Timu mbovu kidogo inamfunga mkubwa usiku mmoja kwa raha zake. Hata timu ya hatari ikikutana na timu nyingine iliyofuzu, ni nadra sana kuipa zaidi ya asilimia 60 au 65 kwa mechi moja, na mapambano mengi yapo 52, 53, 55.

Fanya hesabu hii hata kwenye kikokotoo cha simu. Timu yenye asilimia 55 kwa kila mechi, kwenye sirizi ya mechi 7 inapita asilimia 61. Yenye 60 inapita 71. Unaona sirizi inamsaidia mkubwa lakini sio sana, na bingwa anatakiwa apite mara 4, kwahiyo 61 unaizidisha kwa yenyewe mara nne, inabaki asilimia 14 hivi. Hata ile timu ya kutisha ya 60 kila mechi, kila raundi, mpaka mwisho, inabeba kombe asilimia 25. Mara 3 kati ya 4 hiyo timu inaenda nyumbani inalia na hakuna kilichoharibika. Ndo maana nasema Winnipeg wako hakukudanganya, alikuwa bora zaidi kwenye orodha ambayo hata aliye bora ana nafasi ndogo.

Na sio peke yako uliyeumizwa na anayeongoza msimamo. Kuna tuzo ya kuongoza msimu, Presidents' Trophy, na kuanzia baada ya Chicago 2013 mpaka pleiofu za 2025 hakuna hata mmoja aliyeibeba akabeba na Stanley Cup, lile kombe la bingwa, mwaka huohuo. Boston 2023 walishinda mechi 65 pointi 135, rekodi mbili ambazo hakuna timu imewahi kufika, wamepewa Florida walioingia wa mwisho kabisa upande wa mashariki (ligi imegawanywa pande mbili, mashariki na magharibi) na pointi 92. Wakaongoza 3-1. Wakatoka! Mechi ya 7, Boston wapo mbele, imebaki dakika 1 Florida wanasawazisha, muda wa nyongeza Verhaeghe wa Florida anamaliza. Tampa Bay 2019 ni mbaya zaidi, pointi 128, wakapigwa 4-0 na Columbus ambao tangu waanzishwe walikuwa hawajawahi kuvuka raundi hata moja, na mechi ya kwanza Tampa waliongoza 3-0 wakafungwa 4-3. Watu wakasema ile timu haina roho ya mtoano. Miaka miwili iliyofuata, 2020 na 2021, kikosi kilekile kwa sehemu kubwa kikabeba kombe mara mbili mfululizo, hiyo roho sijui waliinunua duka gani.

Sasa njia ipo, na inaanza na kutouamini msimamo hivihivi. Msimamo wa NHL una pointi za uongo ndani yake. Msimu wa kawaida mechi ikiwa sare wanacheza dakika 5 watatu kwa watatu, barafu yote wazi, kisha penati, na aliyefungwa hapo bado anapewa pointi 1. Kwenye mtoano hakuna watatu kwa watatu wala penati, ni watano kwa watano vipande vya dakika 20 mpaka goli lipatikane hata kama ni alfajiri, 2020 Tampa na Columbus walienda nyongeza 5 na kipa wa Columbus Korpisalo akaokoa mashuti 85 na bado akafungwa. Kwahiyo timu iliyokusanya pointi zake kwa penati imekusanya hela ambayo kwenye duka hili haipokelewi. Angalia ushindi wa ndani ya dakika 60, na angalia tofauti ya magoli, hiyo inadanganya kidogo zaidi kuliko pointi.

Chukua magoli waliyofunga, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa jumla ya hiyo na magoli waliyofungwa nayo ukiwa umeyazidisha kwa yenyewe. Mfano timu wamefunga 270 wamefungwa 230, inakuja 58%. Wapinzani wao wamefunga 260 wamefungwa 235, inakuja 55%. Hizo ni nguvu zao dhidi ya timu ya wastani. Wakikutana wenyewe kwa wenyewe, wa kwanza unachukua 58 gawa kwa 42 unapata 1.38, wa pili 55 gawa kwa 45 unapata 1.22, ukilinganisha hizo mbili wa kwanza anabaki na asilimia 53 tu kwa mechi, na kwa sirizi nzima asilimia 57 hivi. Magoli 15 zaidi upande mmoja kwa msimu mzima, zimezaa hicho tu. Kwenye karatasi ya kazini kwenu watu 20 wangeandika hapo "hawa wanashinda 4-1 mapema tu".

Ukitaka kwenda mbele zaidi tafuta namba za mashuti na za xG (magoli yanayotarajiwa), siku hizi zipo bure kwenye intaneti na kwa kuwa unafuatilia mpira wa miguu xG unaijua, ni ileile, shuti la pale mbele ya kipa lina thamani kubwa kuliko la mbali. Ubaya wa magoli ni kwamba timu inaweza kuwa na miezi ya bahati, kila shuti linaingia na kipa wao anaokoa kila kitu, na hali hiyo huwa hairudi mwezi unaofuata. Mashuti yanasema nani anakaa na paki, kile kisahani wanachochezea badala ya mpira. Mfano ninaoupenda ni Los Angeles 2012. Waliingia wa 8 upande wa magharibi, msimu mzima karibu ya mwisho kabisa ligi nzima kwa kufunga, kila mtu kawaona mzigo. Lakini walikuwa wamebadilisha kocha mwezi wa 12, wakamchukua Jeff Carter mwezi wa 2, na paki walikuwa wanakaa nayo wao, ilikuwa haiingii tu. Ikaanza kuingia. Wakamtoa Vancouver aliyeongoza ligi kwa mechi 5, wakabeba kombe kwa kushinda 16 kufungwa 4.

Hapo nimegusa kitu kingine ambacho msimamo haukioni, nani yupo leo. Pointi za mwezi wa 11 zimekusanywa na watu ambao huenda wengine wameumia, au kinyume chake, timu imekaa bila nyota wake na sasa anarudi. Tampa 2021, Nikita Kucherov hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida, alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akarudi siku ya kwanza ya mtoano akaongoza wote kwa pointi 32. Na haohao Florida waliobeba 2025 mwaka uliochanika mkeka wako, walimaliza wa 3 kwenye kundi lao, lakini Matthew Tkachuk aliyekuwa nje tangu mwezi wa 2 alirudi mechi ya kwanza ya mtoano, Aaron Ekblad alikuwa kafungiwa mechi 20 akarudi raundi ya kwanza, na Brad Marchand walimchukua mwezi wa 3. Timu uliyoiona kwenye msimamo na timu iliyoingia uwanjani zilikuwa mbili tofauti. Kwahiyo wiki ya mwisho usisome tena msimamo, soma majeruhi. Ila jiandae kucheka, maana mtoano ukianza makocha wanaficha majeraha kama mahari, utaambiwa "ameumia sehemu ya chini ya mwili" basi, iwe kidole cha mguu iwe paja utajua kombe likishabebwa.

Sasa kipa. Hili ndo eneo linalokula hela za watu wengi, na wewe mmojawapo, kwahiyo nivumilie kidogo. Ni kweli kipa ndo mtu mmoja anayeweza kubeba sirizi peke yake. Montreal 2010, wa 8, wamemtoa Washington aliyeongoza ligi wakitokea 3-1 nyuma, mechi ya 6 Jaroslav Halák kaokoa mashuti 53. Giguère 2003 kapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano wakati timu yake ya Anaheim imefungwa fainali. Yote kweli. Shida ni kwamba kujua kipa ana umuhimu sio sawa na kujua kipa gani atawaka. Kipa kwenye mechi 6 anapigiwa mashuti kama 180. Kipa mzuri wa kuokoa 92% na kipa wa kawaida wa 90%, kwa mashuti 180 wametofautiana magoli kama 4 tu. Na bahati peke yake, ukibaki na kipa yuleyule mwenye uwezo uleule, inaweza kumpandisha au kumshusha magoli 4 kwa idadi hiyo ya mashuti bila yeye kubadilika chochote. Unaona mtego ulipo? Ubora upo, lakini kwa muda mfupi hivyo umefunikwa na kelele. Ndo Hellebuyck alivyokuwa bora miezi 6 halafu akatolewa golini mara 3 kwa wiki mbili.

Na Florida 2023, walioua Boston, walianza sirizi na Alex Lyon golini, Bobrovsky mwenye mshahara mkubwa kakaa benchi. Kaingia katikati, wakafika mpaka fainali. Boston wenyewe walikuwa na Ullmark aliyechukua tuzo ya kipa bora mwaka ule, mechi ya 7 kocha akamweka Swayman. Kama makocha wanaowaona kila siku mazoezini hawajui wamweke nani, mimi na wewe tukiangalia kwenye simu tukiwa mapumziko ya chai tutajuaje? Kwahiyo kipa mpe uzito, mwenye rekodi nzuri ya miaka 3 umwongezee asilimia 1 au 2 kwa mechi. Hapo umemaliza, usimjengee mkeka mzima juu yake.

Vitu vingine nipite haraka. Nyumbani na ugenini: mwenye nyumba ana faida kama ya asilimia 4, moja ya sababu ni kwamba kocha wa nyumbani ndo anabadilisha wachezaji wa mwisho kabla paki haijadondoshwa, anachagua nani akabane na nani. Lakini mechi zinagawanywa 2-2-1-1-1, kwahiyo faida ya kweli ipo mechi ya 7 peke yake, na kwa timu zilizolingana mechi ya 7 inafikiwa asilimia 31 tu, zidisha uone, ni kama asilimia 1 ya sirizi nzima. Watu wanaipigia kelele mno. Walivyokutana msimu wa kawaida: mechi 3 au 4, moja ilikuwa mwezi wa 10, achana nayo. Fomu ya mechi 10 za mwisho: hapo wengine wameshafuzu wanapumzisha watu, wengine wanahangaika, siiangalii kabisa. Laana na historia: Toronto hawajabeba tangu 1967 na hakuna timu ya Canada iliyobeba tangu Montreal 1993 hadi kufikia 2025, inauma, hasa ukiwa hapo Edmonton, lakini paki haijui mwaka.

Na kuna njia ya mkato ya kihalali, odi za kampuni za kubeti. Wale wana watu na kompyuta na hela zao zipo mezani, mimi nimekaa na hizi namba miaka na bado nikitofautiana nao sana huwa najikagua mimi kwanza. Hujabeti, unasoma tu. Timu A ina odi 1.65, timu B 2.30. Gawanya 1 kwa kila moja, unapata 0.61 na 0.43, jumla inazidi 1 kidogo, hicho kilichozidi ndo chakula cha kampuni, ukikitoa zinabaki 58 kwa 42. Umepata makadirio mazuri kuliko ya mchambuzi yeyote wa kwenye TV, bure. (Kuweka hela kwenye hizo kampuni zenyewe ni habari nyingine, usiniulize mimi, niliwahi kula kodi ya mwezi mzima mwaka fulani na mke wangu bado anaikumbuka vizuri kuliko harusi yetu.)

Idadi ya mechi sasa, maana kwenu ina pointi na watu huwa wanaandika ovyo. Timu ya 55% kwa mechi, uwezekano mkubwa kuliko mwingine wowote ni kushinda kwa mechi 6, na huo ni asilimia 18 na kitu. Kwa 7 ni kama 17, kwa 5 nayo 16 na nusu. Wote wapo karibu lakini 6 ndo inaongoza, kwahiyo pale usipokuwa na sababu andika 6 ulale. Kufagia 4-0 acha kabisa, hata timu ya 60% inafagia asilimia 13 tu. Najua inanoga kuiandika.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndo kitakupa hela kuliko yote hayo, na hakihusiani na barafu, kinahusiana na wale 24 wenzako. Wewe hushindani na NHL, unashindana nao. Ukiweka timu kubwa kila sehemu utapatia karibu 5 kati ya 8 raundi ya kwanza, lakini na wao wameweka hizohizo, mnatembea pamoja kama foleni ya daladala, anakuja kushinda mwenye kitu tofauti kimoja kilichotokea. Na bingwa wenu ana pointi 8, sawa na raundi ya kwanza yote. Sasa jiulize, mko Edmonton, nani kazini kwenu ataweka bingwa tofauti na Oilers, timu ya mji wenu? Timu ina nyota McDavid na Draisaitl, imefika fainali 2024 wakatoka 3-0 nyuma mpaka mechi ya 7 wakafungwa 2-1, wakarudi fainali 2025 wakafungwa tena na haohao Florida, mji mzima una kidonda. Tuseme 14 kati ya 25 wanaweka Oilers kwa mapenzi. Oilers wakibeba, furaha mtaani, lakini kwenye karatasi zile pointi 8 unagawana na watu 14 na bado mnaanza kubishania raundi ya kwanza. Wasipobeba, na hata wakiwa bora sana ni mara 3 kati ya 4 au zaidi hawabebi, hao 14 wamekufa siku moja. Kwahiyo bingwa wako awe timu ya 2 au ya 3 kwa odi ambayo hakuna mtu hapo ghalani anaishangilia, hasa ya upande wa mashariki ambako nyie hamuangalii mechi zao. Kama ina asilimia 11 na upo nayo peke yako, hiyo ni mali kuliko yenye 15 mkiwa 14.

Raundi ya kwanza sasa usijifanye jasiri. Pale pointi ni 1 tu, weka wakubwa wa odi, chagua maajabu mawili tu, yale ya 47 kwa 53 ambayo kila mtu anayaona 30 kwa 70 kwa sababu ya jina la timu. Na hakikisha bingwa wako na mpinzani wake wa fainali hujawatoa kwa bahati mbaya raundi za mwanzo kwenye karatasi yako mwenyewe, nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Umeuliza kama ni bahati nasibu. Kwa mwaka mmoja, karibu. Mimi mwenyewe kila msimu naandika asilimia zangu kwenye daftari kabla, halafu baadae naangalia zile nilizosema 60 zimetokea mara ngapi, na imenichukua misimu kama 6 kuanza kuamini kwamba sijidanganyi. Na usione aibu kwamba mchezo umeujulia ukubwani, mimi barafu ya kuchezea mara ya kwanza kuiona ilikuwa hoteli ya Panari kule Mombasa Road Nairobi, nimetoka Arusha na binamu yangu, kulikuwa na vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wanakimbizana na paki kwenye kiwanja kidogo hivi, mimi nimeshika ukuta dakika 40. Haohao Ice Lions walikuja kwenda Canada 2018 wakacheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mimi bado nashika ukuta.

Karatasi usiirudishe mapema, subiri mpaka jioni ya mwisho wanayoruhusu ili majina ya makipa na majeruhi yawe yametoka, halafu nitumie picha yake kabla paki ya kwanza haijadondoshwa. Ukiweka Oilers bingwa nitajua tu.